Pete ya Darubini ya Mjomba Hektor

Torquil, zima hiyo redio, na wewe Dolina acha kunipangia mito kama mtu anayetandikia wageni hotelini, njoo ukae hapa upande wa dirisha ambako naweza kukuona bila kugeuza shingo, kwa sababu leo nasema, na nikishasema sitarudia, pumzi ya kurudia sina. Dawa ya nesi inanivuruga, nakubali. Asubuhi nilimwita Dolina kwa jina la marehemu mama yenu nikamuuliza kama madume ya kulungu yameanza kunguruma mlimani, kumbe tuko katika msimu wa kondoo kuzaa na madume yameshaangusha pembe zao. Lakini hili ninalotaka kulisema halitoki kwenye dawa. Nilichanganyikiwa kabla ya dawa, tangu juzi, na nyinyi wawili mnajua sababu, maana ndiyo hiyo mnayogombania huko jikoni mkidhani ukuta huu ni wa mawe matupu na mimi ndani yake nimeshakuwa jiwe.

Basi wosia wangu ndio huu, mimi Murdo, mnyatiaji wa kulungu katika mlima huu tangu ndevu hazijaota. Sianzi na kitanda wala saa ya ukutani wala mbwa. Naanza na bunduki, kwa kuwa bwana wa mlima, mwenye ardhi hii, alikaa kwenye kiti hicho hicho ulichokalia, Dolina, akala keki yako, akaniambia, "Murdo, desturi yetu unaijua. Utakayemkabidhi bunduki ndiye atakayeshika kazi, na mwenye kazi ndiye mwenye nyumba. Mimi sitaki kuingilia." Akafuta makombo, akaondoka, akaniachia mzigo. Kwa hiyo nikitaja jina la mmoja wenu, nimetaja paa juu ya kichwa chake, na mwingine atajiona kama nimemfukuza. Na kabla ya kutaja jina lazima niamue ni darubini gani itakayokaa juu ya bunduki hiyo, na hapo ndipo akili yangu inapogota, naenda mbele narudi nyuma, sielewi.

Niacheni nieleze tangu mwanzo, na mkiona nimepotea msinikatize, nitarudi mwenyewe.

Bunduki hii nilikabidhiwa na mjomba wangu Hektor, naye alikuwa amelala kama nilivyolala mimi, chumba hiki hiki, ukuta ukivuja pale pale unapovuja sasa. Akaniita, akaiweka bunduki juu ya blanketi, akanishika mkono akaupeleka nyuma ya darubini, kwenye ile pete inayozunguka kioo cha upande wa jicho. Ilikuwa imefungwa uzi wa kushonea viatu, umezungushwa ukazungushwa, ukapakwa lami mpaka ukawa mgumu kama gome. Akasema, "Murdo, kitako ukitaka ukate, mkanda ukitaka utupe, lakini pete hii usiiguse. Imekaa panapostahili. Niapie." Nikamwapia. Mtu anakufa mbele yako anakuambia uape, utafanyaje? Nikaapa kwa Mungu na kwa mama yangu, yaani dada yake, na kiapo hicho nikakibeba maisha yangu yote, mvua, theluji na nzi wa kiangazi.

Na tangu siku ile, wanangu, kila nilipoweka jicho kwenye ile darubini, niliona ukungu. Si ukungu mwingi. Ule msalaba mwembamba wa ndani, ambao unatakiwa uukalishe nyuma ya bega la kulungu, kwangu ulikuwa na manyoya pembeni, na kulungu mwenyewe ana manyoya, kwa hiyo manyoya juu ya manyoya. Sikushangaa. Nilidhani darubini zote ziko hivyo. Mjomba Hektor alikuwa ameangusha madume kwa ile ile, nani mimi nilalamike? Nilijifunza kuminya jicho, kulikaza, kulisubiri mpaka linitii, na jioni narudi kichwa kinagonga, naye Peigi, mama yenu, Mungu amrehemu, ananiambia, "Wiski hiyo, mzee," nami nilikuwa sijaonja hata tone, ila baada ya kusingiziwa nilikuwa naona heri nionje.

Na kwa sababu sikuona vizuri, nilisogea. Hapa ndipo panaponichanganya zaidi ya mahali pengine popote, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Wanyatiaji wa milima ya jirani walikuwa wanalala chini mbali wanapiga. Mimi siwezi, msalaba una manyoya, sina hakika, basi natambaa. Natambaa kwenye kinamasi, natambaa ndani ya kijito maji yakiingia shingoni yakitokea kwenye viatu, na mgeni nyuma yangu, tajiri wa watu aliyelipia kuja kuwinda na kupumzika, analia kwa sauti ya chini, "Bwana Murdo, hapa hapatoshi?" Namjibu, "Bado kidogo, bwana." Kidogo hiyo haikuwa na mwisho. Mpaka tunafika mahali ambapo unamsikia dume anatafuna, unasikia harufu yake. Watu wakaanza kusema hakuna mnyatiaji kama Murdo, anawapeleka wageni mpaka karibu na kitanda cha kulungu. Nikapata jina. Hata bwana wa mlima alijivuna kwa ajili yangu. Na mnyama aliyepigwa karibu hateseki, anaanguka hapo hapo, kwa hiyo nilishukuru na nililala usingizi mzuri.

Sasa niambieni, sifa ile ilikuwa yangu au ilikuwa ya ule uzi?

Tuje kwenu. Nilipowapeleka mlimani kwa mara ya kwanza, kila mmoja kwa wakati wake, niliwalaza chini nyuma ya bunduki hii hii. Wewe Dolina ulikuwa mkubwa, ukaanza wewe. Mbele yako jike zuri, upande wake wote uko wazi, upepo unakuja kwetu. Ukaweka jicho, ukakaa, ukakaa, halafu ukaniambia, "Baba, msalaba una ukungu." Nikakuambia, "Hata kwangu una ukungu, jikaze, wewe ni mtoto wa mnyatiaji." Ukainua kichwa ukaniambia, nakumbuka mpaka leo ulivyonikazia macho, "Sipigi nisichokiona." Ukaisukuma bunduki, ukasimama, majike yote yakakimbia. Nikasema basi, huyu ana moyo wa mama yake, huyu ni wa jikoni. Ukaenda zako kupika kwenye hoteli ya ziwani, na ulipika vizuri, sikuwahi kusikia mtu analalamika.

Na wewe Torquil ulipolala hapo, nikakuuliza, "Unaona?" Ukasema, "Naona, Baba! Kama mchana!" Ukafyatua, ukapiga mlima. Darubini ikakurudi usoni ikakupasua nyusi kwa sababu ulisogeza jicho karibu mno ukiutafuta huo mchana, na kovu lako ndilo hilo unalowadanganya wasichana kwamba ni la ugomvi. Usicheke, na wewe Dolina usicheke, mkinichekesha nitakohoa. Nilisema huyu ndiye mwindaji. Na jana, Torquil, jana tu, ndipo umeniambia ukiwa umeinamisha kichwa kwamba hukuona kitu siku ile, wala siku nyingine yoyote kupitia darubini hii. "Nilitaka unisifu, Baba." Nami nilikusifu! Aliyesema kweli nikamwona mwoga, aliyesema uongo nikamtuma mlimani. Ningejuaje? Nani angeniambia? Kichwa kinanizunguka nikifikiria.

Nipe maji. Kidogo. Basi.

Ndiyo maana Torquil ukawa mtu wa kununua darubini. Kila msimu unarudi kutoka mjini Inverness na nyingine, ndefu kuliko ya jana, na hii ya mwisho ina kioo cha mbele kipana kama bakuli la uji wa oti, ina betri, ina kinukta chekundu, inakuza na kukuza mpaka ukiielekeza kwenye mwezi nadhani utaona mtu anaota moto wa mboji kama huu wetu. Siidharau. Mbweha anakuja alfajiri au jioni, mwanga haupo, na kioo kipana kinakusanya mwanga, hilo ni kweli, nimetazama nikaona uzio wa Bi Seonaid wakati macho yangu matupu yanaona giza. Lakini ni nzito, na imekaa juu sana kwenye bunduki mpaka shavu linaning'inia hewani badala ya kulala kwenye kitako, na mtu ambaye shavu lake halina mahali pa kulala hapigi mara mbili sawa. Na ukishazoea kukuza, unasahau kupunguza. Hilo nililisema tangu mwanzo, mkaniona mzee wa zamani.

Haya, safari yenu ya mwisho ya Inverness mlikwenda wote wawili, kwa kuwa mbweha ameanza kuchukua wanakondoo wa Bi Seonaid, mjane wa watu, na anakuja kulia hapa mlangoni kwamba kila asubuhi anakuta mama anaita na mtoto hayupo. Mlipokuwa kwenye duka la darubini, muuzaji akakupa moja ujaribu, Dolina, akaigeuza pete ya nyuma kabla hujatazama, akakuambia, "Geuza na wewe mpaka msalaba ukae wazi. Kila mtu na jicho lake, mama." Wewe ukasimama katikati ya duka kama umepigwa kofi. Umenisimulia mwenyewe. Ukarudi nyumbani, ukachukua kisu cha samaki, ukaukata uzi wa Mjomba Hektor.

Torquil akaja mbio. "Baba! Baba, Dolina amekata uzi!"

Niseme ukweli, nilitaka kuamka nikuchape, na wewe una mvi. Nilikutukana kwa Kigaeli, lugha yetu ya kale, na nikamaliza matusi yote. Kiapo changu, Dolina! Mbele ya mtu anayekufa! Ukaniacha nikachoka. Kisha ukatoa risasi, ukatoa komeo la bunduki, ukaniwekea bunduki kwenye kizingiti cha dirisha juu ya mto huu, ukasema, "Tazama mbinguni kwanza, Baba, mawinguni, usitazame kitu. Tupia jicho tu, halafu fumba. Ukikodoa, jicho litajirekebisha lenyewe likudanganye." Ukageuza pete kidogo. "Sasa?" Nikasema bado. Ukageuza. "Sasa?"

Nikauona msalaba, wanangu. Mweusi, mwembamba, umesimama peke yake angani kama umechorwa kwa sindano. Ukanishushia bunduki kwenye malisho, nikaona ukuta wa mawe, jiwe moja moja na kuvu yake, nikaona kondoo wa Bi Seonaid ana alama ya bluu sikioni, na mti wa nyuma ya kisima ambao nimeupita maisha yangu yote una vichipukizi, na kila kichipukizi kina ncha. Nikalia. Mlidhani nalia kwa hasira. Sikuwa na hasira, nilikuwa na huzuni, halafu nikawa na furaha, halafu sikujua nina nini. Mtu ametembea mlimani umri wake wote akiwa amevaa jicho la mtu mwingine! Kwa maana nilikumbuka hapo hapo, Mjomba Hektor alikuwa na macho mabovu. Alikuwa na miwani mfukoni, minene kama chini ya chupa, akiitoa kusoma Biblia tu, mbele ya wageni haitoi ng'o, anaona haya. Aliigeuza ile pete mpaka ikalitosha jicho lake bovu, akaifunga uzi isisogee. Imekaa panapostahili, ndiyo, kwake yeye.

Je, alijua? Hilo ndilo linalonitesa. Alijua kwamba ni kwa jicho lake tu, akaona haya kuniambia hata akiwa anakufa? Au na yeye alidhani ameugundua ukweli wa darubini na anaturithisha? Nimelala hapa nimeligeuza swali hili kila upande. Wakati mwingine namkasirikia, wakati mwingine namhurumia. Na nisingetambaa kama si yeye. Nisingejua harufu ya kulungu. Sasa nimshukuru au nimlaani? Torquil, unajua? Hata wewe hujui.

Ngoja. Nilikuwa nasema nini? Bunduki. Ndiyo. Jana.

Jana alfajiri mlikwenda wote wawili kwenye malisho ya Bi Seonaid, Torquil na bakuli lake la uji, Dolina na darubini ya mjomba ikiwa imegeuziwa jicho lake. Na mliporudi mligombana jikoni, nami nikasikia yote, kwa hiyo msinitilie chumvi. Kulikuwa na kitu chekundu kinatambaa chini ya misonobari kuelekea kwa kondoo. Torquil, wewe ulikuwa umekuza mpaka mwisho, unaona manyoya tu, manyoya mekundu yamejaa kioo kizima, na jiwe limekuzibia njia ya risasi. Ukamnong'oneza dada yako, "Huyo! Mbweha huyo, piga!"

"Ngoja."

"Ningoje nini? Anafika kwa kondoo! Dada, utaogopa mpaka lini?"

"Ana mkanda shingoni."

"Mbweha gani ana mkanda, wewe!"

Alikuwa mbwa wa Bi Seonaid. Mbwa wake mwekundu, aliyechomoka mlangoni akaenda kuwaangalia kondoo wake kama anavyofanya kila siku, na yule mama hana mtu mwingine wa kuzungumza naye ndani ya nyumba ile tangu azike mume. Dolina, kupitia kioo kidogo kinachokuza kidogo, uliona mbwa mzima, kichwa, mkia na mkanda. Ukaondoa kidole. Ulisema vile vile ulivyosema ukiwa msichana, nilikusikia ukimwambia ndugu yako jikoni, "Sipigi nisichokiona." Nikalala hapa nikaangalia dari.

Kwa hiyo sikilizeni. Torquil, mwanangu, shika mkono wangu kwanza kabla sijasema, shika, usiupindue uso. Bunduki nampa dada yako. Na kazi, na nyumba. Si kwa sababu sikupendi, wewe ndiye uliyekaa na mimi, umenibebea kulungu mgongoni wakati farasi ameteguka, umeniogesha mimi baba yako bila kuona kinyaa. Nimekupenda kuliko nilivyoweza kusema. Lakini ulisema unaona na hukuona, na jana ulisema tena. Mtu wa namna hiyo anahitaji mwenzake. Chumba chako ni chako mpaka ufe, Torquil. Dolina, unasikia? Mpaka afe. Darubini ya mkono, ile ya shaba ya kutafutia kulungu, ni yako Torquil, hiyo ukiivuta inakutii, na upepo hakuna anayeusoma kama wewe. Yeye apige, wewe umwonyeshe. Hilo bakuli lako liweke kwenye bunduki ndogo ya mbweha, literemshe chini shavu lipate pa kulala, na kila ukimaliza kutazama, punguza. Punguza, Torquil. Niahidi. La, usiniahidi, nimechoka na viapo. Fanya tu.

Mgeni akija, mpelekeni kwa kulungu wa chuma wa kujaribia shabaha kwanza apige mbele yenu, awe na adabu au asiwe nayo, na kabla hajapiga mwacheni ageuze pete mwenyewe akitazama mawingu. Wageni wangu wote, masikini, nani anajua walikuwa wanaona nini. Nao walinilipa na wakanishukuru. Na wakishageuza pete, bado tambaeni. Hata mkiona vizuri kutoka mbali, tambaeni. Hilo sitaki mlitupe pamoja na uzi.

Uzi uko wapi? Hukuutupa? Ulete. Ndiyo, huu huu, unanuka lami bado. Mtakaponivika lile koti la sufu la maziko, niwekeeni mfukoni, mfuko wa kulia. Nitamrudishia mwenyewe. Nitamwuliza kama alijua, na akiona haya kunijibu basi, yamekwisha, ni mjomba wangu.

Mbweha bado yuko hai. Kesho alfajiri mwende. Bi Seonaid afunge mbwa, mpitie kwake jioni mumwambie, msimwambie habari ya jana.

Nisogezeeni bunduki mara moja tu. Hapo, dirishani. Inua kichwa changu... Torquil, wewe una nguvu. Hapo.

Msalaba siuoni. Una manyoya tena. Ni ukungu mtupu... Peigi, nani ameigusa... Dolina. Wewe uliigeuza jana, kwa jicho lako. Wewe unaona? Tazama mawinguni. Unaona vizuri? Msalaba wote?

Basi acha hivyo hivyo. Usiirudishe pete kwa jicho langu.

Mungu awalinde mkienda... na mkirudi... Awape miguu kavu, wanangu. Msigombane jikoni, nasikia. Torquil, mshike dada yako mkono... Funga dirisha, baridi inaingia.